Upanga mkono huu, uchawi mkono ule

Kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mgeni huulizwa kwanza mhusika wake ni wa fani gani. Mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi? Wengi hujibu papo hapo. Lakini karibu kila kundi lina mmoja anayekwama, penseli mkononi, macho yakihama kutoka ukurasa wa mapanga na deraya kwenda ukurasa wa matamko ya kichawi, kisha yakirudi. Anavitaka vyote. Wenzake wameshaanza kupiga miayo.

Makala haya ni ya huyo.

Kwa ambao hawajaucheza, huu ni mchezo wa kusimulia. Watu wanne au watano hukaa pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Mmoja tu hana wake: mwongoza mchezo, ambaye hueleza kilichopo mbele yao: mlango uliofungwa, pango, zimwi lenye rungu. Wengine husema wanafanya nini, na dadu ya pande 20 huamua kama wamefanikiwa. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ndio waliouanzisha. Mwaka 1974 Gygax na wenzake mjini Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, walitoa nakala 1,000 za kwanza: vijitabu 3 ndani ya sanduku, kwa dola 10. Leo unamilikiwa na Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro, na vijana wengi wameufahamu kupitia mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 uliotoka mwaka 2023.

Sanduku lile la kwanza lilikuwa na fani tatu tu. Mpiganaji alivaa deraya na kushika silaha yoyote. Mchawi alikuwa na kisu na vitabu vyake. Wa tatu alikuwa kasisi, na hapo ndipo pana jambo ambalo watu hulipita bila kuliona: kasisi alivaa deraya nzito, akapigana kwa rungu, na bado akatamka maneno yenye nguvu. Mchanganyiko ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelalamika. Kasisi aliponya majeraha, ndiyo maana akaachiwa. Kwa maoni yangu, walichokiogopa wabunifu wa mchezo huu hakikuwa deraya na uchawi kukutana kwenye mwili mmoja, bali deraya kukutana na matamko ya kuua kama Mpira wa Moto.

Tamaa ya kushika upanga na uchawi kwa pamoja haikuanzia mezani. Mwingereza Michael Moorcock alianza kuchapisha visa vya Elric mwaka 1961: mfalme mwenye mwili dhaifu, mchawi wa kurithi, anayesimama kwa nguvu anazopewa na upanga wake mweusi, Stormbringer, unaomeza roho za watu. Gygax alimtaja Moorcock mwaka 1979, alipoorodhesha waandishi waliomchochea. Kabla yake kuna Gandalf wa Tolkien, mchawi mwenye upanga kiunoni. Sisi tuna Fumo Liyongo, ambaye chuma hakikumwingia mpaka aliposalitiwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Ila Liyongo yuko upande mwingine wa mstari. Yeye alikuwa shujaa mwenye kinga. Anayekwama mezani hataki kukingwa na uchawi. Anataka kuutamka mwenyewe, mbele ya adui, huku upanga ukiwa umeshachomolewa.

Bei ilipoanza kupangwa

Mshika mawili moja humponyoka, na historia ya fani za mchanganyiko ni historia ya wabunifu kujadili ni lipi liponyoke.

Mwaka 1974 jibu lilikuwa elfi, yule kiumbe wa msituni mwenye masikio yaliyochongoka. Elfi aliruhusiwa kuwa mpiganaji au mchawi, akibadilisha kati ya safari moja na nyingine, lakini asibadilishe katikati ya safari. Leo mchawi, wiki ijayo askari. Mwaka 1978, katika toleo lililoitwa Advanced, aliruhusiwa kuwa vyote kwa wakati mmoja, ila kila pointi ya uzoefu aliyoipata ili kupanda daraja iligawanywa katikati, nusu kwa upanga na nusu kwa kitabu. Juu ya hapo akawekewa dari: elfi mpiganaji, hata awe na misuli ya kupasua mlango, hakuvuka daraja la 7.

Jibu ninalolipenda mimi ni la mwaka 1981, katika kitabu chepesi cha Tom Moldvay. Humo elfi ni fani yenyewe. Anavaa deraya yoyote, anashika silaha yoyote, anatamka kama mchawi. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika daraja la 2, mchawi 2,500, elfi 4,000. Basi. Hakuna hesabu za asilimia wala masharti ya kurasa tatu. Unataka viwili, unalipia karibu viwili, na muda wote wenzako watakuwa mbele yako. Ni bei ya wazi, kama nauli iliyobandikwa mlangoni mwa basi.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilirudisha hesabu kwa nguvu. Yeyote aliruhusiwa kuchanganya fani zozote, lakini mchawi aliyevaa deraya alitupa dadu za asilimia kila alipotamka neno linalohitaji ishara ya mkono. Akiwa ndani ya deraya kamili ya mabamba, matamko 35 katika 100 yalipotea bure. Wachezaji walitumia miaka wakitafuta upenyo, na wachapishaji wakawauzia fani mpya juu ya fani mpya: Hexblade mwaka 2003, Duskblade mwaka 2006, na nyinginezo ambazo leo hakuna anayezikumbuka.

Sekunde sita

Tuache historia, maana anayekwama na penseli hakwamishwi na historia. Anakwamishwa na dhana kwamba orodha mbili za uwezo ni bora kuliko moja. Kwenye karatasi ni kweli. Mezani si kweli, na sababu yake ni zamu.

Katika toleo la tano, linalochezwa sana leo, mzunguko mmoja wa vita huchukuliwa kuwa sekunde sita hivi. Ndani ya sekunde hizo unapata tendo moja kubwa, na ukibahatika, tendo dogo la ziada. Mpiganaji hulitumia tendo lake kupiga. Mchawi hulitumia kutamka. Mwenye fani mbili naye ana tendo lilelile moja. Zamu hii akipiga, ni mpiganaji aliyechelewa kukua, kwa sababu nusu ya madaraja yake yalikwenda kwenye vitabu. Zamu ijayo akitamka, ni mchawi aliyechelewa kukua, kwa sababu nusu nyingine ilikwenda kwenye upanga. Mpe madaraja 5 ya mpiganaji na 5 ya mchawi: amefika daraja la 10 kwa jumla, na ndiyo kwanza anarusha Mpira wa Moto ambao mchawi halisi aliurusha alipofika daraja la 5.

Kwa hiyo usiulize fani hii inajua nini. Uliza inaniruhusu kufanya nini ndani ya zamu moja. Fani nzuri ya mchanganyiko ni ile inayotia upanga na tamko ndani ya tendo moja. Nyingine zote ni watu wawili wa kawaida wanaopokezana koti.

Chukua mhusika wa daraja la 6 na zimwi moja. Zimwi la kwenye kitabu cha mwaka 2014 lina pointi 59 za uhai, huongeza 6 kwenye dadu yake ya pande 20, na rungu lake hutoa wastani wa pointi 13.

Mbele yake tumweke kwanza Bladesinger, mchawi anayepigana kama anayecheza ngoma. Fani hii ilichapwa mwaka 2015 kwa ajili ya maelfi peke yao, na mwaka 2020 sharti hilo likaondolewa. Asubuhi ametamka Deraya ya Mchawi, na kwa wepesi wake kinga yake ni 16, namba ambayo dadu ya zimwi pamoja na ile 6 lazima iifikie. Zimwi litampata kwa pande 11 kati ya 20. Akianza ngoma yake ya upanga, akili yake yenyewe huongezwa kwenye kinga: 16 inakuwa 20, na zimwi limebakiwa na pande 7. Rungu likimfikia hata hivyo, anatamka Ngao papo kwa papo, kinga inapanda hadi 25, na zimwi linahitaji 19 au 20. Pande 2. Bado zamu yake haijafika. Ikifika, anapiga mara mbili, na pigo moja anaweza kulibadilisha kuwa tamko dogo. Huo ndio mchanganyiko niliokuwa nauzungumzia: upanga na neno ndani ya tendo moja.

Sasa upande wa pili. Mchawi huyu ana pointi 38 za uhai. Marungu matatu ya wastani ni 39. Ngao hula nafasi moja ya matamko ya ngazi ya 1 kila inapoitwa. Anazo 4 kwa siku, na moja aliitumia asubuhi. Ngoma yenyewe huchezwa mara 3 kwa siku, dakika moja kila mara. Katika chumba cha kwanza ni wa ajabu. Katika cha nne ni mtu mwenye kitabu na upanga, anayerudi nyuma polepole.

Eldritch Knight ni mwendo wa kinyume. Ni mpiganaji halisi, mwenye pointi 52, anayestahimili rungu moja tu zaidi ya mchawi wetu. Watu wengi hawaamini hesabu hiyo mpaka waandike wenyewe. Tofauti kubwa haiko kwenye uhai. Iko kwenye deraya isiyohitaji kutamkwa asubuhi, na kwenye mapigo mawili kwa zamu ambayo hayaishi hata chumba cha kumi. Kwa upande wa uchawi hupewa makombo. Mpira wa Moto huufikia daraja la 13. Ni kampeni chache sana, yaani hadithi ndefu za kundi moja, zinazofika huko; watu huhama miji, huoa, hubadilisha zamu za kazi. Ukiichagua fani hii kwa ajili ya Mpira wa Moto utakaa miaka ukiusubiri. Ichague kwa ajili ya Ngao, na kwa ule uwezo wa kuuita upanga wako mkononi hata ukiwa umenyang'anywa na kufungiwa chumba cha pili. Kitabu cha mwaka 2024 kimeiboresha: kuanzia daraja la 7 pigo moja hubadilishwa kuwa tamko dogo, kama afanyavyo Bladesinger.

Hapa kuna mtego unaowakamata wageni karibu wote, nao ni mikono. Matamko mengi, Ngao ikiwemo, yanahitaji ishara ya mkono mtupu. Askari wetu ana upanga kulia na ngao ya chuma kushoto. Atatoa ishara kwa mkono upi? Wajanja husema: naudondosha upanga, natamka, nauokota. Sheria inaruhusu, ingawa picha yake, shujaa anayeokotaokota upanga sakafuni kila baada ya sekunde sita, inaleta kicheko. Lakini tamko la Ngao hutamkwa katika zamu ya adui, wakati upanga umeshaokotwa na mikono imeshajaa. Masuluhisho ni mawili. Ama ununue kipaji kiitwacho War Caster, kinachokuruhusu kutoa ishara hata mikono ikiwa na silaha, ama uachane na ngao ya chuma na kushika upanga mkubwa wa mikono miwili, unaoweza kuubeba kwa mkono mmoja huku mwingine ukitoa ishara. Mimi ningechukua upanga mkubwa. Kipaji ni ghali, na pigo la upanga mkubwa linasikika vizuri zaidi mezani.

Nje ya nyumba ya Dungeons & Dragons, jibu bora zaidi limetoka kwa Paizo, kampuni inayochapisha Pathfinder tangu mwaka 2009. Fani yao inaitwa Magus, ya mwaka 2011, na ilibuniwa kwa ajili ya kazi hii tu. Mkono mmoja silaha, wa pili mtupu kwa ajili ya uchawi, na tamko la kugusa linapitishwa kwenye ncha ya upanga. Deraya nayo alifunguliwa kidogokidogo: nyepesi mwanzoni, ya wastani daraja la 7, nzito daraja la 13. Wachezaji waligundua haraka kwamba tamko rahisi la mguso wa umeme, likipitishwa kwenye upanga uliopinda, linaangusha majitu. Kwa miaka kadhaa ukikaa na Magus, ulikuwa na hakika atafanya hilohilo.

Katika toleo la pili la Pathfinder, Magus alirudi mwaka 2021 akiwa na bei mpya. Kila zamu ina matendo matatu. Kupiga na kutamka kwa pamoja kunachukua mawili, na dadu moja ndiyo inayoamua vyote: ukipata, umepata upanga na uchawi, ukikosa, umekosa vyote viwili na tamko limekwenda. Kisha unahitaji tendo lingine kujipanga kabla ya kurudia. Hata akiwa mkubwa ana nafasi nne tu za matamko yake makubwa kwa siku. Kuna wanaochukizwa na fani hii kwa sababu hiyo. Wanasema ni kamari. Ni kweli ni kamari, lakini zile zamu mbili tatu zinapokubali, meza nzima husimama, na hakuna fani nyingine ninayoijua inayowasimamisha watu namna hiyo kwa kutupa dadu mara moja.

Tazama waliokaa nawe

Kuna jambo ambalo vitabu havisemi vya kutosha: fani haichaguliwi peke yako. Kama mezani kuna mchawi halisi, Eldritch Knight hatalaumiwa na mtu. Atasimama mlangoni na mchawi atafanya kazi nyuma yake. Kama mezani kuna wapiganaji wawili tayari, kuwa wa tatu mwenye uchawi kidogo ni kuwapunguzia wenzako kitu. Hapo Bladesinger ndiye anayetakiwa, na atakiwe kama mchawi kwanza, upanga ukiwa wa dharura. Ubaya wa fani hii ni kwamba mwenye nayo huusahau uchawi wake. Anacheza ngoma, anakimbilia mbele, anapiga kwa upanga mwepesi, na Mpira wa Moto unabaki kitabuni siku ambayo maadui 12 walisimama pamoja.

Na kama mko watatu tu, chukua chochote chenye mchanganyiko. Kundi dogo halina anasa ya mtu mwenye kazi moja.

Sasa niseme neno litakalowaudhi wapenzi wa fani hizi. Kwa anayeanza, mpiganaji-mchawi bora wa toleo la tano haitwi mchawi. Ni paladini, askari wa kiapo. Anavaa deraya nzito, ana uhai wa mpiganaji, na kuanzia daraja la 2, kwa sheria za mwaka 2014, upanga wake ukishampata adui anaweza kuchoma nafasi moja ya matamko na kuongeza dadu 2 za pande 8 za nuru juu ya pigo hilohilo. Hahitaji tendo la pili wala ishara ya mkono. Anaamua baada ya kuona kwamba amepata, kwa hiyo hapotezi kitu kwa kukosa. Wataalamu watasema nguvu zake zinatoka kwenye kiapo wala si kwenye elimu, kwamba hawezi kuruka wala kutoweka machoni pa watu, na kwamba hiyo si ndoto ya Elric. Sawa. Lakini kipimo chetu kilikuwa ni zamu moja, na kwa kipimo hicho hana mpinzani katika vitabu vya mwanzo.

Aliyetamani kitabu cha uchawi chenyewe asidanganywe na paladini. Huyo aende kwa Bladesinger kama anapenda kuhesabu, kwa Eldritch Knight kama anapenda kudumu, kwa Magus kama moyo wake unastahimili kukosa. Fani mbili za kuunganisha mwenyewe, madaraja 5 huku na 5 kule, namshauri aziache mpaka acheze kampeni moja nzima na fani moja.

Habari njema ni kwamba kujaribu hakuhitaji fedha. Januari 2023 Wizards of the Coast iliziweka sheria za msingi za toleo la tano kwenye intaneti chini ya leseni ya Creative Commons, na sheria za Pathfinder, Magus akiwemo, husomwa bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys kwa idhini ya Paizo. Dadu zinapatikana kwenye programu za simu. Kitu kimoja tu cha kuangalia kabla hujaahidi wenzako: katika sheria hizo za bure za mwaka 2023, paladini yumo, na kanuni za kuchanganya mpiganaji na mchawi zimo. Eldritch Knight na Bladesinger hawamo. Hao mpaka ununue kitabu.